Je, ng' ni herufi? Historia ya swali dogo ndani ya kompyuta

Kama una Python kwenye kompyuta au hata kwenye simu, hebu ifungue uandike mstari huu:

"ng'ombe".isalpha()

Jibu litakuja haraka: False. Sasa jaribu "mbuzi".isalpha(). True. Jaribu kuku, True. Kondoo, True. Punda, True. Ng'ombe peke yake ndiye aliyebaki nje ya zizi.

Fanksheni hii, isalpha(), inakuja na lugha yenyewe. Hukuiandika wewe, wala huhitaji kupakua kitu chochote ili uitumie. Kazi yake ni kujibu swali moja tu: je, kila alama iliyo ndani ya neno hili ni herufi? Inao ndugu zake. isdigit() huuliza kama ni tarakimu, isspace() huuliza kama ni nafasi tupu, isupper() na islower() huuliza habari za herufi kubwa na ndogo. Ukienda C utawakuta, ukienda Java utawakuta, majina yamebadilika kidogo tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nao kwenye zoezi la kukagua nywila, anapata alama zake, anaendelea na maisha.

Mimi naona wanastahili zaidi ya hapo. Ile False ya ng'ombe ina historia ya miaka zaidi ya 60 nyuma yake, na ndani ya historia hiyo kuna watu walioketi vikaoni wakaamua nini ni herufi na nini si herufi. Wengi wao hawakuwa wakitufikiria sisi hata kidogo. Sisemi hivyo kwa kulalamika, ndivyo ilivyokuwa.

Namba kwanza, herufi baadaye

Tuanze na jambo ambalo huenda unalijua: kompyuta haina herufi, ina namba. Ili ikuonyeshe A, lazima watu wakubaliane kwamba namba fulani itasimama badala ya A. Mwaka 1963 shirika la viwango la Marekani, American Standards Association, lilichapisha makubaliano ya aina hiyo, yaitwayo ASCII. Yalitumia biti 7, maana yake nafasi 128 tu, na humo ziliingia herufi, tarakimu, alama za uandishi, na amri za kuendesha mashine kama ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Toleo hilo la kwanza halikuwa hata na herufi ndogo. Hizo ziliingia kwenye toleo la 1967.

Waliopanga ASCII walikuwa watu nadhifu. A ni 65, B ni 66, unakwenda hivyo mpaka Z ambayo ni 90. a ndogo ni 97, z ndogo ni 122. Tarakimu 0 hadi 9 zimekaa 48 hadi 57. Kati ya A na a kuna tofauti ya 32, ambayo kwa lugha ya mashine ni kuwasha biti moja tu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama alama fulani ni herufi kubwa, unauliza: namba yake iko kati ya 65 na 90? Basi, kazi imekwisha.

Na ritifaa je, kile kialama tunachokiweka kwenye ng'? Ilipewa namba 39, katikati ya alama za uandishi, jirani na mabano. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo ritifaa ilibebeshwa mizigo kadhaa: kufupisha maneno ya Kiingereza, kufunga nukuu, hata kupigwa juu ya irabu kama alama ya mkazo kwenye mashine zilizoweza kurudi nyuma na kupiga chapa juu ya chapa. Kuwa sehemu ya konsonanti hakukuwamo kwenye orodha ya mizigo hiyo.

Kama dunia nzima ingetumia ASCII, hadithi ingekuwa fupi. Lakini mwaka 1964 IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, na hizo zilitumia mpangilio mwingine kabisa, EBCDIC. Hapa naomba tukae kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda.

IBM ilikuwa imeishi miongo mingi kwa mashine za kadi za kutoboa, ukoo unaoanzia kwa Herman Hollerith aliyezitumia kwenye sensa ya Marekani ya 1890. Katika kadi za baadaye zilizobeba maandishi, herufi moja iliandikwa kwa matundu mawili kwenye safu moja: tundu la juu kuonyesha kundi, tundu la chini kuonyesha tarakimu kuanzia 1 hadi 9. Makundi yalikuwa matatu. A hadi I kundi la kwanza, herufi 9. J hadi R kundi la pili, herufi 9. S hadi Z zikabaki 8, nazo zikaanzia tarakimu ya 2. EBCDIC ilirithi makundi hayo kama yalivyo. Kwa hiyo A hadi I ni 193 hadi 201, halafu kuna pengo. J hadi R ni 209 hadi 217, pengo tena. S hadi Z ni 226 hadi 233. Yaani mahali tundu lilipokuwa kwenye karatasi pakaamua namba ya herufi ndani ya kompyuta isiyohitaji karatasi.

Sasa chukua lile swali letu rahisi, "je, iko kati ya A na Z?", ulipeleke kwenye mashine ya IBM. Kati ya 193 na 233 mna namba 41, ila herufi ni 26 tu. Namba 208, kwa mfano, ni alama ya }. Programu yako itakwambia kwa kujiamini kabisa kwamba } ni herufi.

Ukiona hivyo utaelewa kwa nini fanksheni hizi zilihitajika. Mwandishi wa programu hawezi kubeba kichwani ramani ya kila mashine. Yeye aulize tu, "hii ni herufi?", na wale waliotengeneza lugha kwa ajili ya mashine hiyo ndio wabebe mzigo wa kulijua jibu.

Jedwali la mwaka 1979

Lugha ya C ilizaliwa Bell Labs, Murray Hill, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie, ikikua pamoja na mfumo wa Unix. Zamani hizo njia ya kawaida ilikuwa kulinganisha namba moja kwa moja, iko kati ya 'a' na 'z' au haiko, tena na tena katika kila programu. Kwenye toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, tunakuta faili dogo liitwalo ctype.h. Ndani yake mna isalpha, isupper, islower, isdigit, isspace, ispunct na wenzao. Ndiyo, majina yaleyale unayoyaandika leo.

Walichokifanya ni kitamu mno. Kwa kila alama ya ASCII waliweka baiti moja ndani ya jedwali, na ndani ya baiti hiyo kila biti ni jibu la swali moja. Biti ya kwanza: ni herufi kubwa? Ya pili: ni herufi ndogo? Ya tatu: ni tarakimu? Zinazofuata zinajibu habari za nafasi tupu, alama za uandishi na amri za mashine. Ukiandika isalpha(c), kompyuta hailinganishi chochote. Inakwenda moja kwa moja kwenye nafasi ya c katika jedwali, inatazama biti mbili, ya herufi kubwa na ya herufi ndogo, na mojawapo ikiwa imewaka jibu ni ndiyo. Jedwali lote lina nafasi 129: zile 128 za ASCII, na moja ya ziada mwanzoni kwa ajili ya namba -1, ambayo C huitumia kusema kwamba faili limeisha. Kwa kumbukumbu ndogo za kompyuta za wakati ule, baiti 129 kwa majibu yote hayo ilikuwa bei ya kutupa.

Nenda kwenye nafasi ya 39 katika jedwali hilo. Biti iliyowaka ni ya alama za uandishi. Kwa hiyo uamuzi juu ya ritifaa uliandikwa humo mapema: si herufi. Kwa Kiingereza cha Bell Labs, hukumu hiyo ni sawa kabisa.

Tatizo lilianza Ulaya. Mfaransa ana é, Mjerumani ana ü, Mhispania ana ñ, na hakuna hata moja ndani ya zile nafasi 128. Miaka ya 1980 watu wakaanza kuitumia biti ya nane, na mwaka 1987 kiwango cha ISO 8859-1 kikaziweka herufi za Ulaya Magharibi kwenye nafasi za juu, é ikiwa 233. C ilipopata kiwango chake rasmi mwaka 1989, iliongezewa uwezo wa kubadilisha mazingira ya lugha, kwa fanksheni iitwayo setlocale: ukiwa Ufaransa unasema Ufaransa, na isalpha inatumia jedwali la huko. Suluhisho la kiungwana, ila matokeo yake ni kwamba programu ileile, ikipewa neno lilelile, inaweza kutoa majibu mawili tofauti kwenye mashine mbili.

Kulikuwa pia na mtego. Kwenye mashine nyingi, C huihesabu baiti moja ya maandishi kama namba inayoweza kuwa hasi. é yenye 233 inasomeka kama -23. Ukiipeleka kwa isalpha hivyohivyo, programu inakwenda kutafuta jibu kabla ya mwanzo wa jedwali, kwenye kumbukumbu isiyohusika kabisa. Wakati mwingine inapata jibu la uongo, wakati mwingine programu inakufa. Kiwango cha C kinasema wazi kwamba kufanya hivyo ni kosa la mwandishi wa programu, na mpaka leo wanaojifunza C wanaingia mtego huohuo. Ukifundisha C, tafadhali lisemee hili siku ya kwanza.

Huku kwetu mambo yalionekana shwari. Kiswahili sanifu hakina herufi yenye alama juu wala chini, kwa hiyo kila mashine iliyokuja na alfabeti ya Kiingereza ilitufaa. Jirani zetu hawakuwa na raha hiyo. Gĩkũyũ kina ĩ na ũ, ambazo hazimo hata kwenye ISO 8859-1. Luganda kina ŋ kwenye tahajia yake. Watu walichofanya ni kuandika i na u tupu, au ng' badala ya ŋ, na msomaji akaachiwa kazi ya kukisia.

Daftari la herufi zote

Mwaka 1988 Joe Becker wa Xerox aliandika pendekezo la mpango mmoja kwa maandishi yote ya dunia, akiwa ameshirikiana na Lee Collins na Mark Davis wa Apple. Januari 1991 shirika la Unicode Consortium likasajiliwa, na Oktoba mwaka huohuo likatoka toleo la kwanza. Mwanzoni walidhani biti 16 zingetosha, yaani nafasi 65,536. Hazikutosha. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilipanua uwanja mpaka nafasi 1,114,112, na toleo la 16 la mwaka 2024 lina alama 154,998 zilizokwisha kupewa makazi.

Watu wengi wakisikia Unicode wanafikiria orodha ya namba, au emoji. Kwa hadithi yetu, kitu kikubwa zaidi ni hifadhidata ya sifa inayokuja nayo. Kila alama imewekwa kwenye mojawapo ya makundi 30. Lu ni herufi kubwa, Ll ni herufi ndogo, Lo ni herufi zisizo na ukubwa wala udogo kama za Kiarabu, Lm ni herufi za kurekebisha sauti. Nd ni tarakimu. Mn ni alama zinazopanda juu ya herufi nyingine. Po ni alama za uandishi za kawaida. Unapoita isalpha() kwenye Python ya leo, haifikirii wala haipimi. Inauliza kwa kila alama: kundi lako linaanza na L? Wote wakijibu ndiyo, True.

Jedwali la nafasi milioni moja na zaidi lingekuwa zito, kwa hiyo Python hutumia jedwali la ngazi mbili: nafasi zinagawanywa vipande, na vipande vinavyofanana vinahifadhiwa mara moja tu. Ukilifungua utaona ni mjukuu halali wa lile la 1979, hata biti za ndiyo na hapana zimo.

Java ilikuwa ya mapema kuingia humu. Toleo lake la 1.0 la mwaka 1996 lilikuja na Character.isLetter na Character.isDigit zinazofuata Unicode. Ila liliamini zile biti 16, na uwanja ulipopanuka, Java 5 ya mwaka 2004 ililazimika kuziandika fanksheni hizo upya kwa namba kubwa zaidi huku zile za zamani zikibaki palepale. Ndiyo maana ukifungua maelezo ya Java unakuta kila moja iko mara mbili.

Python yenyewe ilipokea Unicode mwaka 2000 katika toleo la 2.0, na kuanzia 3.0 ya Desemba 2008 maandishi yote ni Unicode. Humo kuna vituko vya kufurahisha. Jaribu "٣".isdigit(), ile tatu inayotumika Uarabuni. True. Tena int("٣") inakupa 3 bila kelele. Jaribu "²".isdigit(), ile mbili ndogo ya mita za mraba. True pia! Lakini int("²") inakugomea. Na "½" si tarakimu kwa isdigit(), ila kwa isnumeric() ni sawa. Kuna fanksheni tatu, isdecimal, isdigit na isnumeric, kila moja ina mipaka yake, na kwa maoni yangu majina hayo yamechaguliwa vibaya, maana hakuna anayeweza kukisia tofauti bila kuangalia. Kama unakagua namba ya simu na unataka 0 hadi 9 tu, tumia isdecimal() pamoja na isascii(), ambayo iliongezwa kwenye Python 3.7 mwaka 2018.

Na kwa kuwa tumegusa Kiarabu: Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi za Kirumi. Ukichukua neno lililoandikwa hivyo bila irabu, isalpha() inasema True, herufi zote ziko kundi la Lo. Ukiweka fataha, kasra na dhuma ili msomaji asikosee, inasema False, kwa sababu alama hizo ziko Mn. Yaani neno lililoandikwa kwa uangalifu zaidi ndilo linalofeli.

Ng'ombe tena

Kwa sikio la Mswahili, ng' ni sauti moja. Ni konsonanti kamili, na inatenganisha maana: ng'oa jino ni jambo moja, kulilia ngoa ni jambo jingine kabisa. Tahajia yetu inaiandika kwa alama tatu, n na g na ritifaa. Hapo ritifaa haifungi nukuu wala haifupishi neno. Inafanya kazi ya herufi, na ukiiondoa unapata sauti nyingine.

Je, Unicode inalijua hilo? Inalijua, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Zipo alama tatu ambazo kwa macho ni karibu kitu kimoja. Ya kwanza ni ' yenye namba U+0027, ile 39 yetu ya ASCII, kundi la Po. Ya pili ni ’ yenye namba U+2019, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia hukuwekea zenyewe, nayo ni alama ya kufunga nukuu, kundi la Pf. Ya tatu ni ʼ yenye namba U+02BC, na kundi lake ni Lm. L! Unicode yenyewe inaelekeza kwamba ritifaa inapofanya kazi ya herufi, itumike hii ya tatu. Nakili neno hili kutoka hapa ulijaribu: "ngʼombe".isalpha(). Utapata True.

Si jambo geni. Lugha za Namibia na Botswana zenye vidoko huandika kimojawapo kwa alama inayofanana na mshangao. Unicode iliipa makazi yake, ǃ yenye namba U+01C3, kundi la Lo, mbali na ! ya kushangaa. Ukizitazama huoni tofauti. Ukiziuliza isalpha(), moja ni herufi na nyingine siyo.

Shida ni kwamba kibodi ya simu yako na ya kompyuta yangu haina U+02BC mahali pa wazi. Sote tunabonyeza ile ya ASCII, au programu inatuwekea iliyopinda. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu zisizolingana ndani ya hifadhidata, na ukimtafuta kwa moja, zile mbili hazionekani. Anayekusanya matini za Kiswahili kwa utafiti lazima aanze kwa kuzisawazisha ritifaa zake, la sivyo kila hesabu ya maneno yenye ng' itakuwa na kasoro.

Lakini ng'ombe hana kitambulisho. Watu wanacho. Fikiria majina ya Nyong'o, Ng'ang'a, Ng'wandu, Thiong'o. Mwandishi wa fomu anataka kuzuia watu wasiandike takataka kwenye sehemu ya jina, anakumbuka zoezi la mwaka wa kwanza, anaweka isalpha(). Mtu anaandika jina alilopewa na babu yake, na fomu inamjibu kwamba jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Rafiki yangu mmoja alikutana na hili wakati wa kujisajili mtandaoni, akaondoa ritifaa ili apite, na baadaye akazungushwa wiki kadhaa kwa sababu jina la kwenye mfumo halikufanana na la kwenye cheti. Kwenye kaunta kila mtu alimwambia aliandika vibaya. Aliandika sawasawa, ila fomu ilikataa.

Kuna sababu ya pili ya fomu kuichukia ritifaa, na hii ina historia yake. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walichapisha lugha ya kuulizia hifadhidata iliyokuja kuitwa SQL. Humo maandishi hufungwa kwa ritifaa, ileile ya 39. Kwa hiyo jina lenye ritifaa, likibandikwa ovyo ndani ya amri ya SQL, linaifunga nukuu kabla ya wakati wake na kinachofuata kinasomeka kama amri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijulikana wazi kwamba wahalifu wanaweza kuutumia mlango huo kuiba au kufuta data. Wengi waliopaniki wakapiga ritifaa marufuku. Dawa halisi ni kuipelekea hifadhidata jina peke yake na amri peke yake, jambo ambalo kila lugha ya maana inaliwezesha siku hizi. Ukikuta mfumo wa leo unaokataa Ng'ang'a kwa ajili ya usalama, mimi ningeanza kutilia shaka usalama wake wote.

Hata fomu ikikubali, safari haijaisha. Python ina title(), ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Jaribu "nyong'o".title(). Inakupa Nyong'O. Kwa kuwa ritifaa si herufi, fanksheni inadhani neno limekwisha na jipya limeanza. Ukiona orodha ya majina yenye O kubwa mwishoni namna hiyo, sasa unajua ilipitia wapi.

Ukitaka jina moja la kujaribia programu yako, chukua la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Lina nafasi mbili, lina ritifaa, lina neno linaloanza kwa herufi ndogo, na lina ũ na ĩ. Hizo mbili za mwisho zina siri: Unicode inaruhusu ĩ iandikwe kama alama moja, U+0129, au kama mbili, i ya kawaida ikifuatwa na wimbi linalopanda juu, U+0303. Kwenye kioo hazitofautiani. Ya kwanza ni Ll, inapita. Ya pili ina wimbi la kundi la Mn, isalpha() inaikataa. Yaani Ngũgĩ mmoja anakubaliwa na Ngũgĩ mwingine anarudishwa, kutegemea kibodi iliyotumika. Dawa ni kulipitisha jina kwenye unicodedata.normalize("NFC", jina) kabla ya kuliuliza chochote.

Kwa majina ya watu, ushauri wangu ni huu: usitumie isalpha() kabisa. Lisawazishe kwa NFC, hakikisha si tupu na halina amri za mashine (kundi la Cc), halafu lipokee kama lilivyo. Kama mkuu wako anasisitiza ukaguzi, ruhusu makundi yanayoanza na L na M, nafasi, kistari, na ritifaa zote tatu. Ni mistari sita hivi ya msimbo. isalpha() ibaki kwa kazi iliyozaliwa nayo, ya kusoma maandishi ya lugha za programu na faili ambazo kanuni zake unazijua.

Tukitaja lugha za programu, jaribio moja la mwisho. Tangu 3.0, Python inaruhusu majina ya vigeu yatumie herufi za lugha yoyote, mradi Unicode inazihesabu kuwa herufi. Andika ng'ombe = 12 kwa ritifaa ya kawaida na utapigiwa kelele za kosa la sintaksia. Sasa nakili hii, yenye U+02BC:

ngʼombe = 12
print(ngʼombe + 1)

Inakupa 13.